Jozi Tatu, Soko la Kibuye

Jozi ya kwanza, elfu moja mia nane:
visikizi vyeupe, bila waya, kikasha laini kama kokoto.
"Vinazima kelele," akaapa Awiti. "Jaribu hapa hapa."
Nikajaribu. Wauza omena wakafifia,
nyundo hazikufifia.

Ya pili, elfu mbili mia tatu.
Nyundo zikarudi nyuma hatua kumi,
zikabisha kama jirani mwenye adabu.
Ila cha kushoto kilidondoka
kila nilipotikisa kichwa kukataa bei.

Ya tatu, sitaitaja bei, mke wangu ataisoma hii.
Nikabonyeza
na Kibuye yote ikazama.
Midomo ikacheza, mabati yakakunjwa, cheche zikaruka,
na hapana kilicholia.
Nilisikia mate yangu nikiyameza.

Nikaziomba zote, nikampelekea baba, banda la nne,
miaka thelathini na moja akigonga masanduku ya wanafunzi wa bweni.
Nikamvika hizi, nikamvika zile, nikamvika za mwisho.
Aliweka nyundo chini, akainamisha kichwa,
akangoja kwa heshima, kama anayengoja simu iunganishwe.

"Zote sawa," akasema, kwa sauti kubwa mno.
Akavifuta jasho, akavirudisha kikashani
kwa vidole visivyokosea.
"Kimya hiki mnauziwa?
Mimi nilipewa na kazi."

Awiti alikuwa bado ananisubiri.
Nikamuuliza kama anazo zile nyingine,
kubwa, za mafundi, za kufunika sikio zima,
zisizopiga muziki.