Sokoni Kutaisi, Karibu na Kufunga

Eteri haendi sokoni asubuhi.
Huja jioni, sare ya hospitali chini ya koti,
saa ambayo giligilani imelegea shingo
na muuzaji hataki kurudi nayo nyumbani.
"Yachukue mafungu yote, nipe lari moja."
Eteri hajibu. Anafungua kikapu.

Maharage aliyaloweka jana, kabla ya zamu.
Watu walilala; yenyewe yalikesha yakivimba.
Leo ni kuyachemsha tu,
kuyaponda pamoja na jozi,
kitunguu, chumvi, basi.

Nusu ya chungu ni ya kesho,
itaingia ndani ya mkate wa jana
uliopashwa juu ya kikaango kikavu.

Levani anachungulia mlangoni:
"Maharage tena?"
"Tena," anasema mama,
na kumpa mwiko aulambe.
Anaulamba mpaka mpini.