Silabi Nne

Studio yetu iko Bukoto, juu ya duka la rangi.
Kuta tumezivisha trei za mayai
na blanketi la hospitali ambalo Ociti hasemi alilitoa wapi.
Mvua ikigonga mabati, tunaacha kazi.
Jenereta ya kinyozi ikiwaka, tunaacha kazi.
Katikati ya kelele hizo mbili
natia Kiswahili kinywani mwa dubu.

Dubu ni mtoto, wa buluu, amevaa soksi moja.
Alizaliwa mbali, kwenye ofisi yenye zulia,
akaja na waraka wa kurasa arobaini:
jina lake lisiguswe,
cheko lake lisizidi sekunde mbili,
mdomo na sauti vifike pamoja
kama miguu ya askari.

Theluji haikunipa shida. Theluji tunayo,
iko Rwenzori, haijawahi kushuka kutusalimu lakini ipo.
Chakula chake cha asubuhi nilikiita kabalagala
na hakuna aliyelalamika ila tumbo langu.
Kilichonishinda ni kikombe.

Sehemu ya tisa, dakika ya nne,
dubu anavunja kikombe cha bibi yake.
Anainua macho. Mdomo unafunguka mara mbili,
pa, pa, unafungwa.
Kwao neno hilo lina pumzi mbili.
Kwetu: sa-ma-ha-ni.
Nikilikimbiza, dubu anakuwa dalali wa mnada.
Nikilikata, anabaki na sama,
samaki aliyeliwa mkia.

"Radhi?" akauliza Ociti nyuma ya kioo.
Radhi ni ya wazazi, nikamwambia, ya mtu anayekata roho.
"Basi pole."
Pole. Mbili. Ikakaa mdomoni kama jino.

Marehemu baba, sajini wa kambi ya Bombo,
alitunga mashairi nyuma ya fomu za mgao wa unga,
akihesabu mizani kwa kugonga buti, nane, nane,
na ikizidi moja anafuta mstari mzima.
Angeipenda ile pole.
Tukanywa soda, tukaifunga kazi.

Jumamosi tuliipeleka huko huko Bombo kuijaribu,
watoto kumi na tisa kwenye mkeka wa shangazi Zenabu,
televisheni juu ya kreti.
Kikombe kikavunjika. Dubu akasema: pole.
Wakacheka wote, isipokuwa Swabra,
miaka sita, jino la mbele hana.
"Huyu dubu ana dharau.
Kavunja yeye, halafu anampa bibi pole?
Kama wa boda aliyekugonga
akakwambia pole na kuondoka?"
Na hakuitazama televisheni alipokuwa akisema.
Alinitazama mimi.

Usiku ule niliirudia picha mara sitini.
Kabla ya mdomo kufunguka kuna kitu:
dubu anameza mate, mabega yanapanda,
anatazama vipande sakafuni.
Sekunde moja na nusu ya kimya
ambayo waraka hausemi ni ya nani.

Nikaingiza humo silabi mbili,
kwa ndani, kooni, karibu hazisikiki,
sama
na mdomo ulipofunguka nikampa zilizobaki:
ha.
Ni.

Jumatatu ikaja barua: sauti inatangulia picha, rekebisheni.
Nikajibu kwamba hapa kwetu neno hilo
huanza kabla ya mdomo.
Hawajasema kitu hadi leo. Baba angefuta mstari.

Sehemu ya kumi imeshafika.
Giza limeingia, bibi anamwita dubu kwa jina,
na dubu, mtoto wa watu, haitiki.
Anatikisa kichwa tu, mdomo umefungwa.
Namsikia Swabra kutoka Bombo.
Naurudisha mkanda nyuma, naupeleka mbele,
namngoja ageuze mgongo
nimpe naam.