Malkia Aliyefukuzwa

Snel wamekata tena. Kadutu yote gizani,
nami nina mshumaa na malkia
aliyekataa kwenda kuonyeshwa walevi.

Maandiko yanamwacha mlangoni.
Usiku ule alilala wapi?
Nani alimbebea mkeka?

Sakafu ya Shushani siijui.
Nimempa ya kwetu: saruji iliyopasuka,
beseni chini ya bati linalovuja.
Taji nimelifuta, nikamvika kitenge
cha marehemu mama Nsimire,
kimefifia mabegani kwa kamba za makala.

Mfalme ndiye amenishinda.
Kila akifungua kinywa
ni baba anarudi na harufu ya kasiksi,
nami nachana ukurasa.

Beseni limejaa. Nainuka kulimwaga.
Nikirudi, ameketi kitini pangu,
anakula sombe ya jana kwa vidole
bila kuniomba.