Sawa na Chozi

Jana Thureya alitoka bwawani
macho mekundu kama choya,
anajikuna viwiko.
Mama yake akafoka: "Klorini imezidi! Punguza!"
Vuai akasema, "Hewala, bibi,"
wala hakupunguza.

Anaijua Chukwani. Kisima kimetoboa jiwe la matumbawe,
maji hupanda na chokaa yake,
ile ile inayoganda nyeupe kwenye birika.
Humo klorini husinzia,
na harufu kali ile si ya dawa kuzidi:
ni jasho na mkojo
vilivyokosa wa kuvimaliza.

Leo alfajiri kachota kichupa, katia matone matano,
kakiinua juani. Zambarau.
Basi glavu,
asidi kikombe na robo ndani ya ndoo ya maji
(asidi ndiyo humfuata maji, usigeuze),
akamimina akizunguka ukingo, pampu ikinguruma.

Saa nne akapima tena: saba nukta nne.
Kipimo cha chozi hicho.
Maji yakiwa ndugu na jicho,
jicho halina la kulilia.

Jioni Thureya kazama, kaibuka macho wazi.
"Umetia nini leo?"
"Chozi," kasema Vuai,
huku anasuza kichupa.