Karatasi ya Dakika

Sheffield, Februari. Mvua yenye theluji inapiga mabati ya ukumbi.
Mimi ndiye mshika kalamu; dakika za watu ziko mikononi mwangu.

Pickersgill ana miaka thelathini na sita na goti linalotangulia kusema.
Kocha aliniagiza: ishirini na nne, asizidi.
Robo ya tatu haijaisha, keshafika ishirini na sita.
Namwonyesha kocha karatasi. Anatazama dari.

Mwisho wa benchi, Oyelaran, miaka kumi na tisa,
hajavua koti la mazoezi tangu Krismasi.
Magoti yake yanacheza mechi yao chini ya taulo.
Mara kumi na moja nimeandika jina lake, na mbele yake sifuri,
sifuri safi, ya mviringo,
kama pete ya goli ambayo mpira haujaigusa.

Mara Pickersgill mwenyewe anainua ngumi: nitoeni.
Hachechemei. Nimemtazama vizuri, hachechemei.
"Yule namba saba," anamwambia kijana akipita, "huenda kushoto tu."

Kijana anakosa mtupo wa kwanza.
Anakosa wa pili.
Kocha anageuka kumtafuta mzee;
mzee keshafungua kamba za viatu,
vyote viwili.