Kitufe cha Lunga Lunga

Nilimfunza Sajini kuketi, wiki mbili nzima.
Akiketi, kipande cha maini.
Akibweka ovyo, nampa kisogo, nanyamaza kama ukuta.
Kiboko sikugusa. Mbwa wa kiboko
husoma mkono, si kazi.

Nami nina changu:
kitufe chekundu nyuma ya godauni la magodoro.
Kila saa nikibonyeze. Nikisinzia
kompyuta ya ofisini inaandika,
na mwisho wa mwezi mshahara unakuja umeng'atwa.
Mwezi wa tatu
macho yalikuwa yameshajua kufunguka yenyewe.

Kumbe hofu haikuwatosha.
Msimamizi Odera akaanza kupita, siku isiyojulikana,
akikuta taa ya kitufe inawaka
ananisukumia mia mbili dirishani, bila neno.
Juzi hakuja. Jana hakuja.
Leo je?
Tangu hapo nabonyeza hata kabla ya saa,
mara mbili, mara tatu,
kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake.
Sajini ananitazama. Sijui anawaza nini.

Alfajiri navuka reli kwenda Mukuru.
Nafula yuko mlangoni na daftari:
insha yake, nyota tatu za mwalimu.
Mkono wangu ushafika mfukoni kwenye peremende.
Nikausimamisha humo humo.
"Na wewe mwenyewe," nikamwuliza,
"ilikupendeza ulipokuwa ukiiandika?"

Akautazama mfuko wangu,
kisha uso, kisha mfuko,
akaketi.