Amua

Mwalimu Chiwanga aliandika ubaoni neno moja,
chaki ikamkatikia kwenye herufi ya mwisho.
Amour, akasema, na ile r ikakwaruza
kama jembe lililokuta jiwe.

Neno hili si mwenyeji kwao, akasema.
Kwa sheria ya ulimi wa Wafaransa lingekuwa ameur,
liambatane na fleur, ua, na douleur, maumivu.
Lakini washairi wa kusini walipanda kaskazini
na lao mdomoni,
wakaghani nalo kwenye kumbi za mabwana,
wenyeji wakaona haya kulitamka la nyumbani.
La nyumbani likarudi zizini.
Likabaki kumsema ng'ombe jike
siku anapohitaji dume.

Darasa zima likacheka.
Mimi nilikuwa Mvumi, kwa bibi,
na neno lake la Kigogo ambalo sijawahi kulileta chuoni,
linanuka samli na mkojo wa ndama;
nikakumbuka nilivyojifunza kusema mahaba
kwa watu waliolipokea kwa watu
waliolipokea pwani.

Tena lina vituko, akaendelea:
likiwa moja ni la kiume, yakiwa mengi ni ya kike.
Msiniulize kwa nini. Andikeni.
Nikaandika. Pembeni, kwa penseli: mapenzi,
sisi hesabu yetu huanzia kwenye mengi.

Jioni Ndahani akaja kutoka Hombolo
na kreti mbili za zabibu,
kucha bado za buluu kwa mrututu.
Nikamwambia, sema amour.
Amua, akasema.
Hapana, r itoke kooni.
Akanyoosha shingo, akakohoa, akajaribu tena:
Amua.

Miaka mitatu hajaniuliza,
na sasa ameniuliza mara mbili bila kujua,
huku akichambua zabibu zilizopasuka
azile yeye, nzima aniachie mimi.

Nikamsimulia habari ya neno na safari zake.
Akafikiri.
Hata mzabibu, akasema, haukuzaliwa hapa.
Baba alipoupanda walimcheka, mti gani huo wa wageni.
Leo ukilikata tawi
linatoa machozi, na maji yake ni ya Hombolo.

Akafunga kreti kwa kamba ya katani, akaondoka.

Kesho nina mtihani wa matamshi.
Mwalimu ataelekeza fimbo ubaoni, kwenye neno lile.
Nitalikosea makusudi.